Je, Mwalimu ni Mchezaji Aliyeshindwa?



Liko neno ambalo husemwa mara nyingi kwa mzaha, nalo limeenea karibu kila mahali: kwamba awezaye kazi huifanya, na asiyeiweza huifundisha. Wengi wetu tumelisikia likisemwa juu ya walimu wa shule, juu ya mafundi wazee wasiopanda tena kwenye paa, na juu ya wachezaji wa zamani ambao siku hizi husimama kando ya uwanja na filimbi mdomoni. Twacheka, kisha twaendelea na mambo yetu. Lakini ndani ya mzaha huo imo hukumu juu ya maisha ya watu wengi, tena hukumu kali. Wenye kulisema neno hilo wanasema kwamba kufundisha ni kazi ya waliobaki nyuma. Katika ukurasa huu twapenda kulipima neno hilo, tuone kama lina kweli.

Ili tusiseme maneno ya hewani, tumechagua kuyatazama maisha ya mtu mmoja ambaye aliacha kugombea vikombe akawa mwalimu. Mchezo wake ulikuwa gofu. Wengi wetu gofu tumeiona kwa mbali tu, tukipita kando ya viwanja vyenye majani yaliyokatwa vizuri. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo, akiupeleka kutoka shimo hadi shimo mpaka amalize mashimo 18, na mwenye mapigo machache kuliko wenzake ndiye mshindi.

Mchezo huu wafaa kwa swali letu, maana watu wanaoishi kwa gofu wamegawanyika katika makundi mawili yaliyo wazi. Wa kundi la kwanza husafiri kutoka mashindano hadi mashindano, wakitafuta ushindi na fedha za zawadi. Wa kundi la pili hukaa klabuni. Huuza mipira na fimbo, hutengeneza zilizovunjika, huwasimamia vijana wanaobeba mifuko ya wachezaji, na huwafundisha wanachama, hodari na wasio hodari. Nchini Marekani makundi haya mawili yalikuwa katika chama kimoja tangu mwaka 1916, mpaka wachezaji wa mashindano walipojitenga mwaka 1968. Majina ya kundi la kwanza huandikwa magazetini. Majina ya kundi la pili hujulikana kwa jirani zao.

Kijana wa Austin

Harvey Penick alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa Austin, jimbo la Texas. Alipokuwa na umri wa miaka minane alianza kubeba mifuko ya wachezaji katika klabu ya Austin Country Club. Mwaka 1923, kijana bado, alifanywa mwalimu mkuu wa klabu hiyohiyo, na kazi hiyo aliishika mpaka mwaka 1971. Tukihesabu, ni miaka 48. Tena tangu mwaka 1931 hadi mwaka 1963 aliifundisha pia timu ya Chuo Kikuu cha Texas.

Hata hivyo hakuanza kwa kusema kwamba yeye ni mwalimu tu. Alikuwa mchezaji mzuri, na kama vijana wengine aliwaza kushindana na walio bora. Siku moja katika miaka ya 1930 alikwenda kwenye mashindano mjini Houston. Huko alimwona kijana kutoka Virginia, jina lake Sam Snead, akipiga mpira. Penick alisimulia baadaye kwamba mlio wa pigo lile ulikuwa kama wa bunduki. Aliposikia mlio huo alijua kwamba yeye hana pigo la namna hiyo, wala hatalipata. Akarudi Austin, akaamua kwamba kazi yake itakuwa kufundisha. Naye Snead aliendelea mpaka akashinda mara 82 katika mashindano makuu ya Marekani.

Woga au hekima?

Hapa yatupasa kusimama kidogo, maana hapa ndipo penye ugumu. Mwenye kulitetea lile neno la mzaha atasema: Mwaona? Alimwona aliye bora, akaogopa, akakimbilia kufundisha. Hatutamjibu mtu huyu kwa haraka. Ni kweli kwamba wako watu wanaoacha jambo kwa woga, kisha wakaupa woga wao jina zuri. Mtu anaacha masomo akisema ameona mapema kwamba hayamfai, kumbe amechoka tu. Mwingine anakataa uongozi akisema ni unyenyekevu, kumbe anaogopa kulaumiwa. Tena yawezekana kabisa kwamba mtu mwenyewe hajui ni lipi kati ya mawili hayo lililo moyoni mwake.

Basi tutajuaje? Twadhani kwamba saa ile ya kuamua haitoshi kutuambia. Yatupasa kuangalia miaka inayofuata. Aliyekimbia huonekana kwa uchungu wake. Huwasema vibaya vijana wanaofaulu, hutaja kila mara jinsi yeye angalivyokuwa kama si hili au lile, na kazi yake mpya huifanya kwa nusu ya moyo. Aliyechagua huonekana kwa namna anavyoitia bidii kazi aliyoichagua. Penick alikuwa na miongo mingi baada ya siku ile ya Houston. Katika miongo hiyo alisimama uwanjani siku baada ya siku, akiwatazama watu wengine wakipiga mpira, akatafuta maneno mepesi ya kuwasaidia. Kwa mfano, aliyetaka kujua jinsi ya kuzungusha fimbo aliambiwa aende akafyeke majani kwa fyekeo, maana mwendo wake ni uleule. Na wanaoanza aliwafundisha kwanza mapigo madogo ya karibu na shimo, ndipo warudi nyuma kidogo kidogo hadi mapigo marefu. Mtu mwenye uchungu moyoni hapati subira ya namna hii kwa muda wa miaka hamsini.

Tena kukijua kipimo chako ni jambo tofauti na kujidharau. Penick hakusema kwamba yeye hafai. Alisema kwamba hana pigo la Snead, na hilo lilikuwa kweli. Ni wangapi kati yetu waliokwisha kusikia mlio kama ule, wakaziba masikio? Wako waimbaji ambao sauti imewaacha lakini hawataki kuondoka mstari wa mbele, na vijana wenye sauti nzuri wanasubiri nyuma yao mpaka wanakata tamaa.

Mwalimu aliyemtoa mwanafunzi wake

Liko jaribu jingine ambalo ni kubwa kuliko lile la kuacha kushindana. Ni jaribu la mwalimu kumtazama mwanafunzi wake kama mali yake.

Katika mji mdogo wa Jal, jimbo la New Mexico, palikuwa na mwalimu wa gofu aitwaye Hardy Loudermilk. Alimfundisha msichana mmoja, Kathy Whitworth, aliyeanza mchezo huu akiwa na umri wa miaka 15. Msichana alipofika miaka 17, Loudermilk aliona kwamba amekwisha kumpa yote aliyokuwa nayo. Mbele yake palikuwa na kipaji ambacho mwalimu wa mji mdogo huenda akikutana nacho mara moja tu maishani. Angaliweza kukaa nacho. Lakini alimwambia msichana aende Austin kwa Penick, na mama yake akawa anamwendesha kwa gari safari ya mamia ya kilometa ili akafundishwe siku chache.

Penick naye hakumnyang'anya mwenzake mwanafunzi. Alikuwa akimpigia simu Loudermilk na kumweleza waliyoyafanya, ili msichana akirudi nyumbani mwalimu wake wa kwanza aendelee kumsimamia. Whitworth alikuja kushinda mara 88 katika mashindano ya wanawake wa kulipwa, na hakuna mtu mwingine, mume wala mke, aliyefikia idadi hiyo katika mashindano makuu ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani. Alifariki mwaka 2022.

Jina la Loudermilk halijulikani na wengi. Lakini tukiulizwa ni nani katika habari hii aliyefanya jambo gumu kuliko wote, sisi twamtaja yeye. Kumfundisha mtu kwa bidii ni jambo kubwa. Kumwambia mtu huyohuyo, Sasa nenda kwa mwingine anayejua zaidi yangu, ni kubwa zaidi. Wazazi wanalijua jambo hili. Fundi cherehani mwenye mwanafunzi hodari analijua pia. Mtu anapokaa na mwanafunzi wake kwa kuogopa kupungukiwa, amekwisha kuacha kufundisha, amekuwa mwenye duka.

Vijana wawili

Penick alikuwa na wanafunzi wawili wa Austin waliopata sifa sana, nao ni Tom Kite na Ben Crenshaw. Walipishana umri kwa miaka miwili tu, wakakulia katika klabu moja, wakasoma Chuo Kikuu cha Texas. Mwaka 1972 waligawana ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani, kwa sababu walimaliza wakiwa sawa.

Jambo la kutazama ni jinsi alivyowafundisha. Hakumruhusu mmoja kutazama mwenzake akifundishwa. Mtu aweza kudhani kwamba alikuwa na siri au upendeleo. Sababu yake ilikuwa kwamba dawa ya mmoja yaweza kuwa sumu ya mwingine. Kite alikuwa mtu wa mazoezi mengi, naye alimwacha afanye mazoezi hayo. Crenshaw alikuwa na pigo la kuzaliwa nalo, na mwalimu aliona heri aende akacheze kuliko kukaa siku nzima akilichunguza pigo lake mpaka aliharibu.

Twajifunza hapa jambo juu ya haki. Mara nyingi twadhani kwamba haki ni kumpa kila mtu kitu kilekile. Mama mwenye watoto wanne anajua kwamba sivyo. Mtoto mmoja akikemewa hujirekebisha, na mwingine akikemewa hunyauka. Usawa wa mama huyo uko katika kuwapenda wote na kuwaangalia wote, lakini neno la kumwambia kila mmoja hana budi kulitafuta upya. Kazi hiyo ya kutafuta neno la kila mmoja ndiyo inayomchosha mwalimu. Aliyeuzoea mchezo kwa mikono yake tu huenda asiiweze kabisa. Wapo wachezaji wakubwa waliojaribu kufundisha wakashindwa, kwa kuwa hawakuweza kueleza yale ambayo mikono yao ilifanya yenyewe. Basi lile neno la mzaha laweza kugeuzwa: wako pia wanaoweza kufanya na wasioweza kufundisha.

Daftari jekundu

Hatupendi kumfanya mtu huyu kuwa malaika, kwa hiyo tutaje jambo moja ambalo limetusumbua. Kwa muda wa miaka kama 60 Penick aliandika mambo aliyoyaona katika daftari dogo jekundu. Daftari hilo alilifungia, wala hakumwonyesha mtu ila mwanawe Tinsley, ambaye alikuja kuushika wadhifa wa baba yake klabuni. Je, ilikuwa haki kuyafungia mambo yenye faida namna ile?

Twaweza kumtetea. Maneno yake mengi yalitolewa kwa mtu fulani siku fulani, na yeye aliogopa kwamba yakisomwa na wote yatawapoteza wengine. Lakini yeye mwenyewe hakuridhika na utetezi huo. Alipokuwa mzee sana aliona kwamba huenda amekosea kuyaficha, akamwita mwandishi jirani yake, Bud Shrake, wakatengeneza kitabu kilichotoka mwaka 1992. Husimuliwa kwamba mwandishi alipompa habari kuwa wachapaji wamekubali kwa dola 90,000, mzee alisikitika, akasema hana uwezo wa kupata fedha nyingi kiasi hicho. Alidhani ni yeye atakayelipa! Kitabu hicho kiliuzwa zaidi ya nakala milioni moja.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kicheko, lakini kina fundisho. Mzee huyu alikaa na daftari miaka yote bila kujua kwamba lina thamani ya fedha. Hakulifungia ili aliuze kwa bei kubwa. Hata hivyo aliona kwamba nia njema peke yake haimwondolei mtu wajibu wa kutoa. Wazee wetu wangapi wamezikwa na dawa za miti, na nyimbo, na ujuzi wa kujenga mitumbwi, kwa sababu walingoja mtu anayestahili mpaka siku zikaisha? Aliye na daftari lake, la karatasi au la kichwani, na alifungue mapema.

Juma moja la Aprili

Mwishoni mwa Machi mwaka 1995 Crenshaw, aliyekuwa na umri wa miaka 43 na mchezo wake umelegea, alikwenda kumtazama mwalimu wake. Penick alikuwa kitandani, mgonjwa sana. Pamoja na hayo alimwambia achukue fimbo ya kusukumia mpira shimoni, akamtazama, akamkumbusha mambo machache, na kubwa kati yake lilikuwa kwamba ajiamini. Hilo lilikuwa somo la mwisho.

Penick alifariki Jumapili tarehe 2 Aprili. Jumatano Crenshaw na Kite waliruka kwa ndege kutoka Augusta, mahali pa mashindano makubwa yaitwayo Masters, wakaenda Austin kulibeba jeneza, kisha wakarudi. Jumapili tarehe 9 Crenshaw alishinda Masters, akainama akalia mbele ya watu wote. Mchezaji aruhusiwa kubeba fimbo 14 tu. Crenshaw alisema siku ile kwamba alikuwa na fimbo ya 15 katika mfuko wake, nayo ni Harvey.

Habari hiyo yajulikana sana. Isiyotajwa mara nyingi ni ya mtu wa pili, aliyeachwa kwa pigo moja tu. Huyo alikuwa Davis Love wa tatu. Baba yake, ambaye naye alikuwa mwalimu wa gofu mwenye sifa, alikuwa amefundishwa na Penick katika Chuo Kikuu cha Texas, akafa katika ajali ya ndege mwaka 1988. Kwa hiyo wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa Penick, na wa pili alikuwa mwana wa mwanafunzi wa Penick.

Na sisi je?

Tungeweza kuishia hapa na kusema: Mwaona, mwalimu si mchezaji aliyeshindwa, maana wanafunzi wake wameshinda. Lakini jibu hilo halitoshi, tena lina hatari. Likiwa ndilo jibu letu, basi bado twapima kwa kikombe. Tumekiondoa tu mikononi mwa mwalimu na kukiweka mikononi mwa mwanafunzi. Na mwalimu ambaye wanafunzi wake hawakushinda lolote tutamwambia nini?

Tukumbuke kwamba wengi wa wanafunzi wa Penick hawakuwa Crenshaw wala Whitworth. Walikuwa wenye maduka, wake wa wanachama, wazee wenye migongo mibovu, watoto wasioweza kuuinua mpira kutoka majanini. Hao ndio waliozijaza siku zake. Naye alisimulia kwamba mwili wake ulisisimka kila mwanafunzi alipopiga pigo zuri, na hakusema kwamba ni wale mabingwa tu. Kama Crenshaw asingalizaliwa Austin, kama Masters ya mwaka 1995 ingalikwenda kwa mwingine, saa zile alizokaa na mzee mwenye mgongo mbovu zingalikuwa na thamani ileile.

Kwa maoni yetu, hilo ndilo jibu. Heshima ya mwalimu haikopwi kwa wanafunzi wake. Imo katika tendo lenyewe la kumpa mtu aliye mbele yako kile unachokijua, kwa namna anayoweza kukipokea, pasipo kumdai ajifanye wewe. Kutoa ni moyo, walisema wazee, si utajiri.

Basi tuwaangalie walio kati yetu. Yuko mama anayewafundisha wasichana kushona kila Jumamosi, na nguo zake mwenyewe hazijapata kuonekana kwenye maonyesho yoyote. Yuko fundi seremala ambaye macho yamepungua, na sasa hukaa kwenye kigoda akimwelekeza kijana aipigie randa mbao taratibu. Yuko mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye kila mwaka huanza tena na a, e, i, o, u. Tusiwaambie kwamba wangalifika mbali. Tuwaulize tu wanafundishaje, na tuwape watoto wetu wakae karibu nao.

Na yule kati yetu ambaye ameusikia mlio ule, akajua kwamba zamu yake ya kushindana imekwisha, asione haya. Arudi nyumbani kama Penick alivyorudi Austin, aangalie ni nani anayesimama karibu na fimbo mkononi, hajui aanzie wapi.